Dawa ya Nane ya Doña Provi

Katika jengo letu la matofali mekundu, kando ya mfereji wa pili hapa Holyoke, mtoto akianza kukorota kifua, wa kwanza kuitwa si daktari. Anaitwa Doña Provi wa ghorofa ya tatu. Atakuja na aproni yake, aweke sikio mgongoni mwa mtoto, kisha atoe hukumu: "Mafua tu haya, mfunikeni." Au: "Huyu kifua kimebana. Leteni gari." Kwa sikio lile sijawahi kuona amekosea. Na bado kuna watu wenye shahada ukutani walioandika kwamba mwanamke huyu ni hatari kwa mjukuu wake.

Jina lake kamili ni Providencia Maysonet; Doña, au Don kwa mwanamume, ni neno la heshima katika Kihispania, lugha yetu. Alizaliwa milimani Utuado, Puerto Rico, akaja bonde hili akiwa na miaka kumi na saba, pamoja na shangazi yake, kutunga majani ya tumbaku kwenye kamba ndani ya mabanda marefu. Baadaye akafunga bahasha kiwandani, mpaka Ijumaa moja wakakuta lango lina kufuli. Sasa ni mwaka wa ishirini na mbili anapika katika shule ya msingi, watoto mia nne kwa siku. Kiingereza chake anakiita Kiingereza cha kugombana. "Cha kuomba msamaha," anasema, "darasa lake sikwenda."

Watoto wa jengo letu wanakorota, na sababu tunaijua. Ukungu mweusi uko ukutani bafuni. Kila masika mwenye nyumba anatuma mtu aupake rangi nyeupe juu, na kila vuli unachungulia tena. Malori yanapumua chini ya madirisha yetu tangu alfajiri. Kliniki inatupa karatasi inayosema tufue mashuka kwa maji ya moto na tuondoe midoli ya manyoya. Tumefua. Tumeondoa. Mwenye nyumba hakuna anayempa karatasi.

Basi wazee wetu walikuja na dawa yao kutoka kisiwani, na dawa hiyo inaitwa Saba. Ni dawa saba za maji, mafuta ya mlozi, asali, mizizi na maganda ya miti, zinazochanganywa chupa moja na kuuzwa katika duka la mishumaa ya watakatifu. Kila nyumba ina chupa yake ya Saba. Doña Provi hana chupa. Ana mtungi wa kioo wa galoni nzima, uliokuwa wa mayonezi ya jikoni mwa shule, na kila mwaka anaujaza: chupa kadhaa za Saba, asali, maji ya shubiri. Kwa mtungi ule alimlea binti yake Deliris, ambaye alikuwa na pumu tangu akitambaa. Kwa mtungi ule na kwa mbwa mdogo mwenye macho ya kutoka, maana tunaamini mbwa wa aina ile huivuta pumu kutoka kwa mtoto akaibeba yeye. Deliris alipofika miaka kumi akapona, na mbwa akaanza kukohoa.

"Sasa nani ataniambia mbwa hakufanya kitu?" Doña Provi huuliza.

"Mama, mbwa alikuwa mzee," Deliris humjibu.

"Alikuwa mzee na alikuwa na pumu yako."

Deliris ana binti, Lymari, miaka mitatu na nusu, mwenye sauti ya mwenye duka. Deliris anawahudumia wazee katika nyumba yao ya kutunziwa. Saa kumi na moja alfajiri anatoka. Kwa hiyo Lymari huamshwa na bibi yake, na bibi ndiye humpeleka chekechea kabla ya kwenda kwenye masufuria yake. Mwaka jana Septemba, shule zilipofunguliwa na mafua yakaanza kutembea kutoka pua hadi pua, kifua cha Lymari kikafunga.

Doña Provi aligundua hilo kwenye salamu. Kwetu mtoto hamwambii mkubwa hujambo. Anamwomba baraka, naye anabarikiwa. Asubuhi ile Lymari alisema "Ba—", akavuta pumzi, akasema "raka", akavuta tena, na "bibi" halikutoka. Mbavu zilikuwa zikizama kila anapovuta hewa. Bibi hakungoja kumaliziwa neno.

Kliniki walimpa pampu ya kuvuta kupitia kopo la plastiki, kisha wakamnywesha dawa. Baada ya saa chache alikuwa anaimba. Daktari Halloran, mtu mrefu mwenye haraka, akaandika dawa ile ile ya kwenda nayo nyumbani: steroidi ya maji, kipimo kimoja kila asubuhi, siku tano. Akaitaja "steroidi" kama mtu anavyotaja maziwa, mkono wake ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango.

Neno lile lilibaki na Doña Provi njia nzima. Don Cheo wa ghorofa ya chini alimeza vidonge vya steroidi miaka tisa kwa ajili ya mapafu yake. Uso ukamvimba ukawa mviringo kama sinia, ngozi ya mikono ikawa inachanika kama karatasi iliyolowa. Sasa wampe mtoto wa miaka mitatu? Aliogopa. Lakini alikuwa ameona kwa macho yake mtoto aliyeingia mlangoni akifa na kutoka akiimba. Akaamua atampa. Nasisitiza hapo, kwa sababu faili lao linasema vingine: aliamua atampa.

Asubuhi ya kwanza Lymari aliitema ukutani. Ilikuwa chungu, Doña Provi aliionja, akatema yeye pia. Mara ya pili mtoto alifunga meno. Mara ya tatu akatapika juu ya aproni ya kazini, na basi lilikuwa linakaribia kuondoka. Hapo bibi akafanya alichokifanya mama yake, na mama wa mama yake, kwa kila dawa chungu iliyowahi kuingia nyumba ile. Akafungua mtungi wa galoni, akamimina ndani yake dawa yote ya daktari, akakoroga kwa mwiko.

"Sasa si Saba," alimwambia Deliris jioni. "Ni Nane."

"Anainywa?"

"Analamba kijiko."

Deliris, aliyesimama kwa miguu yake muda wa saa kumi na mbili siku ile, akasema asante Mungu, akalala na viatu.

Lymari akanywa kijiko kila asubuhi, siku tano, hakukosa. Siku ya tatu kifua kikaanza kulia tena. Kliniki. Wakampa dawa pale pale, akafunguka, wakaandika chupa nyingine. Chupa nyingine ikaingia mtungini. Baada ya siku chache, kliniki tena.

"Mnampa dawa?" Daktari Halloran aliuliza.

"Kila siku," alisema Doña Provi.

"Kila siku, Bi Maysonet?"

"Una masikio mawili, daktari. Kila siku."

Safari iliyofuata ilikuwa hospitali, siku mbili, na mrija wa hewa puani. Na daktari akapiga hesabu yake. Tukimpa sisi, anapona. Wakimpa wao, haponi. Kwa hiyo hawampi. Akaandika kwenye faili maneno ambayo kwa lugha yao ni mawili tu, *familia haifuati maagizo*, akainua simu akawapigia watu wa ustawi wa watoto.

Nikubali kwamba hesabu yake haikuwa ya kijinga. Lakini ni hesabu ya mtu ambaye hajawahi kumnywesha mtoto kitu kichungu huku basi linamngoja mtaani. Ni rahisi sana kumwita maskini mwongo. Hakuhitaji hata kuuliza swali la pili.

Jibu lilipatikana kitandani hospitali. Muuguzi alikuja asubuhi na bomba la plastiki lisilo na sindano, akavuta dawa mpaka mstari, akaisukuma shavuni kwa Lymari polepole. Doña Provi alilitazama lile bomba. Akauliza: "Hiyo yote? Mara moja?"

"Hiyo yote, doña. Ndiyo kipimo chake."

Mpishi wa watoto mia nne hahitaji shule ya udaktari kwa hesabu iliyofuata. Anajua kikombe cha chumvi kinafanya nini katika sufuria ndogo, na anajua kikombe hicho hicho hakifanyi chochote katika lile sufuria kubwa la mchuzi ambalo hubebwa na watu wawili. Chupa yote ya dawa ilikuwa imekwenda katika galoni. Kijiko alichokuwa akikilamba Lymari kilikuwa asali, shubiri, na harufu ya dawa. Muuguzi anasema bibi alikaa chini kwenye kiti bila kukitazama kama kipo.

Barua ilikuja: mkutano Alhamisi, kliniki, pamoja na Bi Pelletier wa ustawi wa watoto. Kitakachozungumzwa: kama Lymari aendelee kukaa na mama yake au apelekwe kwa familia nyingine.

Usiku wa kuamkia siku hiyo hawakugombana, maana Deliris alilia kwanza. Akasema, "Mama, sikiliza. Mimi nitasema nilikuwa nasahau. Nitasema kazi. Watanipa onyo, watanipeleka darasa la wazazi, basi. Ukisema ni wewe, watakutoa wewe. Nani atakaa naye saa kumi na moja?"

"Useme umesahau?"

"Ndiyo."

"Na ulisahau?"

"Mama!"

"Mimi sikusahau hata siku moja. Nimempa vibaya, lakini nimempa. Sitakubali mwanangu aandikwe mzembe kwa mkono wangu."

Alhamisi akavaa gauni la kanisani, akaubeba mtungi kifuani kama mtoto, akapanda nao basi pamoja na Deliris. Chumbani kulikuwa na meza ndefu, Daktari Halloran, muuguzi mmoja wa kliniki, na Bi Pelletier, mwanamke mwenye miwani na kalamu tatu. Doña Provi hakungoja kukaribishwa. Akautua mtungi juu ya karatasi zao.

"Hii ndiyo dawa yenu," akasema. "Chupa mbili mlizoandika zimo humu. Amekunywa kila asubuhi. Haya, nionesheni humu ndani kipimo cha siku moja kiko wapi."

Daktari aliinama, akanusa, akarudi nyuma. "Ulichanganya?"

"Nilichanganya. Kosa langu, nalisema mwenyewe, hakuna aliyenibana. Binti yangu hakujua. Lakini wewe, daktari, uliniuliza mara tatu kama nimempa. Hukuniuliza hata mara moja nimempaje."

Bi Pelletier akachukua kalamu ya pili.

"Ningejuaje—" daktari akaanza.

"Ungekaa. Pale kuna kiti. Tangu Septemba sijakuona umekikalia."

Muuguzi akawa anatafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho nadhani hakikuwemo. Lakini kile alichokiogopa Deliris kilikuja vilevile. Bi Pelletier alisukuma karatasi mezani, kwa upole: mpango wa usalama. Lymari abaki na mama yake, ila asiachwe peke yake na bibi mpaka ofisi iamue vingine.

"Saini hapa chini, tafadhali."

"Sisaini."

"Bi Maysonet, usiposaini, hatua inayofuata ni ngumu zaidi."

"Kwa nani? Mtoto anabanwa kifua saa kumi na mbili asubuhi. Mimi ndiye niliyepo. Ukiniondoa, atakuwepo nani, karatasi hii? Kosa langu lilikuwa la kupima. Mtu aliyekosea kupima anafundishwa kupima. Nifundisheni! Halafu njooni mnione. Msipige simu, msiandike barua, njooni asubuhi yoyote. Mkikuta nimekosea, mchukueni na mtungi."

Na hapo, nampa haki yake, Daktari Halloran akavuta kiti akakaa. Alizungumza kwa nusu saa. Alisema vidonge vya miaka tisa vya Don Cheo na siku chache za mtoto ni mambo mawili tofauti. Siku chache huleta njaa, usingizi mbovu, hasira, kisha hupita. Alisema pia jambo ambalo hakuwahi kulisema: kwamba watoto wadogo wengi wanaokorota kwa mafua, steroidi haiwasaidii chochote, pampu inawatosha. Inamfaa aliyebanwa sana, yule ambaye pampu inamfungua kisha anafunga tena, na kwa Lymari wameona inafanya kazi. Lakini akipewa kwa kila mafua, mara baada ya mara, inaweza kugusa urefu wake na mifupa yake.

"Maneno hayo," Doña Provi akasema, "uliyaficha wapi miezi hii?"

Muuguzi akaingilia: "Na kuna nyingine, daktari, ya jamii hiyo hiyo. Siku moja au mbili inatosha. Si chungu sana."

Doña Provi akamgeukia taratibu. "Siku mbili?"

"Ndiyo, doña."

"Mimi nimetapikiwa siku tano, na kuna ya siku mbili?"

"Ni mazoea tu hapa, tunaandika ile nyingine..."

"Mazoea," akasema Doña Provi, na akaupiga mtungi kwa kucha. "Hata haya ni mazoea. Yangu yameletwa mbele ya meza."

Wakaandika mpango kwa lugha yetu, ukurasa mmoja. Kwanza pampu na kopo lake. Asipotulia, tena baada ya dakika ishirini. Akifunguka kisha akafunga, piga simu kliniki. Muuguzi akikubali, dawa ya nyumbani, kwa bomba, mpaka mstari, bila kuchanganywa na chochote. Midomo ikigeuka rangi, au asipoweza kusema neno, gari la wagonjwa, hakuna kungoja. Bi Pelletier hakuifuta karatasi yake. Aliiweka kando. Siku thelathini, alisema, na atakuja bila hodi. Akiona hatari, ataondoka na mtoto.

Siku ya kumi na sita mafua yalirudi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Deliris kazini. Doña Provi alisikia mluzi kifuani kabla Lymari hajafungua macho. Pampu, mtoto akafunguka, akaomba ndizi. Baada ya saa moja akaiacha ndizi nusu. Mbavu zikaanza kuzama. Pampu tena, na simu mkono wa pili. Muuguzi akauliza maswali yote ya kwenye ukurasa, akasema: mpe sasa, halafu mlete kabla ya mchana.

Akavuta dawa mpaka mstari. Akainyanyua dirishani aione kwenye mwanga, akarudisha tone moja. Sasa Lymari, ambaye alikuwa amejifunza hospitali kila bomba lina maana gani, akakimbilia chini ya meza. Pampu ilikuwa imempa pumzi ya kutosha kupiga kelele, na aliitumia yote.

"Bibi ananiua! Jamani! Bibi ananiua!"

Jengo zima tulisikia. Na Bi Pelletier, aliyekuwa amefika ngazi ya tatu na kalamu zake, alisikia kuliko wote. Mlango ulikuwa wazi. Alichokiona ni mwanamke wa miaka sitini na moja amekaa sakafuni, mtoto kamfunga kati ya magoti, mkono mmoja umeshika taya.

"Bi Maysonet!"

Doña Provi hakugeuka. "Subiri hapo hapo."

"Mwachie mtoto."

"Nikimwachia sasa ndipo utakuwa na la kuandika. Nyamaza kidogo, nitakusalimia nikimaliza." Na kwa sauti nyingine kabisa: "Shavuni, mama yangu, shavuni tu, kidogo kidogo. Meza. Nichukie, lakini meza. Tena. Nichukie tena."

Bi Pelletier alisimama kizingitini. Angeweza kuingia. Sote tuliokuwa ngazini tulijua angeweza, na Don Cheo alikuwa ameshavua kofia kama msibani. Hakuingia. Lymari alimeza, akakohoa, akameza. Bibi akalinyanyua bomba tupu juu ya kichwa chake, bado bila kugeuka, ili mwenye miwani aone mstari.

"Soma," akasema. "Kisha soma saa."

Bi Pelletier akasoma vyote viwili. Akauliza kwa sauti ya chini kama lazima iwe vita namna ile.

"Wewe una watoto?"

"Wawili."

"Walikunywa dawa wakicheka?"

Bi Pelletier akaingia, akakaa kwenye kiti cha jikoni. Alikaa pale hadi walipoondoka pamoja kwenda kliniki, yeye akiendesha, na alikuwepo walipobana kidole cha Lymari kupima hewa na daktari akasema atarudi nyumbani leo, hospitali hakuna haja. Kesho yake asubuhi Doña Provi alitoa kipimo cha pili, cha mwisho, kwa vita ile ile. Siku ya thelathini ilipofika faili lilifungwa. Doña Provi alidai nakala, akaisoma yote kwa miwani ya kusomea, akairudisha mapokezi na wino mwekundu chini ya yale maneno mawili. Wakamwambia kilichoandikwa hakifutiki. Akawaambia basi waandike juu yake, na anakwenda kila Jumanne, akitoka jikoni, kuwauliza wamefika wapi. Jumanne iliyopita alikwenda na bibi wengine wanne.

Lakini ile Jumamosi, saa nane mchana, Deliris alipiga simu kutoka kazini, maana alikuwa amesikia tu kwamba mwanamke wa ustawi amekuja.

"Mama! Lymari yuko wapi?"

"Yuko juu ya kochi, anaruka. Amekula sahani tatu za wali na maharage, anadai ya nne, na amemwita Don Cheo mbwa."

"Mama, nakuuliza wamemchukua?"

"Nani atamweza?" alisema Doña Provi, akakata simu akapakue.